Maji Yaliyo Chini ya Chai

Maji mengi ya ardhini katika kaunti za Kericho na Bomet hayahitaji kuchimbwa. Hutoka yenyewe miguuni mwa vilima, kwenye mabonde yaliyo katikati ya mashamba ya chai, na kutoka hapo hujaza mitungi ya nyumbani, hunywesha ng'ombe na kuanzisha mito. Vijiji vingi vya nyanda za juu, kuanzia Ainamoi na Belgut hadi Bureti na Konoin, vina chemchemi yao, na vingine vina zaidi ya moja. Kwa hiyo usimamizi wa maji ya ardhini katika nchi ya chai haufanani na ule wa Turkana au Wajir. Huko swali ni wapi pa kuchimba na kwa kina gani. Hapa swali la kwanza ni watu wanafanya nini juu ya mteremko, mahali mvua inapoingia ardhini.

Miamba ya eneo hili ni ya volkeno. Mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, lava ilimwagika mara kwa mara na kuganda tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Aina kuu ni fonolaiti, jiwe gumu la kijivu, na kuelekea Msitu wa Mau kuna majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Fonolaiti yenyewe haina nafasi ya kuhifadhi maji. Maji hukaa katika nyufa zake, katika sehemu ya juu iliyolainika kwa jua na mvua, na katika udongo wa kale uliofunikwa na lava iliyofuata. Juu ya yote kuna udongo mwekundu wenye kina cha mita kadhaa, unaopitisha maji vizuri. Mvua ya kati ya milimita 1,400 na 2,100 kwa mwaka huzama katika udongo huo, hushuka hadi ikutane na mwamba usio na ufa, kisha husogea kando mpaka bonde likate tabaka hilo. Hapo ndipo chemchemi inapotokea.

Thamani ya maji haya huonekana hasa kati ya Desemba na Februari, mvua inapopungua. Maji yanayoonekana katika mto Itare, Kipsonoi, Nyangores au Amala miezi hiyo ni maji ya ardhini yanayovuja polepole. Itare na Kipsonoi huingia katika Mto Sondu, unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60 ikiwa na bwawa dogo tu la kuhifadhia maji. Nyangores hupita Bomet mjini na kuzalisha umeme wa Hospitali ya Tenwek, kisha huungana na Amala kuwa Mto Mara, unaosafiri hadi Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Musoma, Tanzania. Chemchemi ya Bomet, kwa hiyo, ina wadau ambao hawajawahi kuiona.

Ni nini hasa huzikausha au kuzijaza chemchemi hizi? Swali hili lina historia ndefu Kericho, na jibu lake halilingani na imani iliyoenea kwamba miti huleta maji. Katika miaka ya 1950, kampuni za chai, ambazo zilikuwa zimeanza kazi hapa tangu 1924 na 1925, zilitaka kupanua mashamba yao kuingia msituni. Serikali ya kikoloni ikahofia kwamba mito ingekauka. Charles Pereira na wenzake wa EAAFRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Muguga, wakapewa kazi ya kulipima jambo lenyewe badala ya kulibishania. Walichagua mabonde mawili jirani. Bonde la Sambret, lenye ukubwa wa takriban kilomita 7 za mraba, lingefyekwa kwa sehemu na kupandwa chai. Bonde la Lagan lingeachwa na msitu wake. Vipimo vya mvua viliwekwa kila upande, kuta maalumu za kupimia maji zikajengwa mtoni, na unyevu wa udongo ukafuatiliwa hadi kina kirefu. Kazi ilianza 1958 na kuendelea hadi miaka ya 1970, na matokeo yake kamili yalichapishwa 1979.

Yaliyopatikana Sambret yanastahili kujulikana na kila diwani wa nchi ya chai. Chai iliyokomaa na kufunika ardhi ilitumia maji karibu sawa na msitu au pungufu kidogo, na mto haukukauka. Madhara makubwa yalitokea katika kipindi kifupi ambapo miti ilikuwa imekatwa na chai bado changa: ardhi ilikuwa wazi, na mvua kubwa ziliteremka mtoni kwa kishindo badala ya kuzama. Hatua za kuhifadhi udongo na kukua kwa chai vilirudisha utulivu. Kwa maneno mengine, mti wa asili si pampu ya kuleta maji. Nao hunywa, tena hunywa sana. Faida ya msitu kwa chemchemi ni udongo wake, uliojaa mizizi, majani yaliyooza na matundu ya wadudu, ambao humeza mvua ya alasiri bila kuiacha itiririke juu kwa juu.

Utafiti wa karibuni katika Mau ya Kusini-Magharibi umeongeza uzito wa hoja hiyo. Watafiti waliopima kasi ya maji kuingia udongoni walikuta msitu wa asili ukiongoza, na malisho ya ng'ombe yakishika mkia. Kwato hukandamiza udongo mpaka matundu yake yakazibika. Wengine, waliofuatilia mito midogo ya eneo hilo kwa vifaa vinavyopima maji mchana na usiku, waligundua kwamba sehemu kubwa ya maji ya mto hutoka ardhini na huwa yamekaa humo miaka kadhaa. Mabonde ya wakulima wadogo yalitoa tope mara kadhaa zaidi ya bonde la msitu. Tope hilo ni udongo wa juu ulioondoka mahali ambapo mvua ingezama, na barabara za vumbi, vijia vya mifugo na viwanja vya makazi vina mchango wake.

Kukaa huko kwa maji ardhini kwa miaka kadhaa ndiko kunakoyafanya kuwa magumu kusimamia. Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 22,000 za msitu wa Mau ya Kusini-Magharibi kwa makazi na kilimo. Madhara ya uamuzi wa aina hiyo hayajitokezi msimu unaofuata. Chemchemi huendelea kutoa maji ya mvua za zamani, watu hutulia, na ikifika siku ya kupungua, aliyefyeka na aliyetia sahihi wote wamekwishasahaulika. Mkanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa 1986 kuzuia watu kuingia msituni, umesaidia pale ulipotunzwa, maana chai iliyofunga vizuri haiachi udongo wazi. Lakini mkanda hauwezi kufidia msitu uliotoweka nyuma yake.

Mkaratusi ni habari nyingine, na hapa imani ya wenyeji kwamba mti hukausha maji ina msingi. Kiwanda cha chai hukausha majani kwa hewa inayopashwa moto na mvuke, na mvuke hupatikana kwa kuchoma kuni. Kampuni kubwa zina mashamba mapana ya mikaratusi. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA hununua kuni au kupanda misitu yao. Na mkulima mwenye kipande chenye majimaji asichoweza kupanda chai hukijaza mikaratusi kwa sababu soko lipo. Mizizi ya mti huu hufuata maji hadi kina kirefu mwaka mzima. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Mokobulaan, Afrika Kusini, ambako bonde dogo lilipandwa mikaratusi 1969. Kijito chake kilikauka kabisa mwaka wa tisa. Miti ilipokatwa ikiwa na miaka 16, maji hayakurudi mara moja. Ilichukua miaka mitano mingine kabla mtiririko wa kudumu kuonekana, kwa kuwa udongo wa chini ulikuwa umenyonywa ukabaki mkavu.

Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Agizo lilikuwa sahihi kisayansi, ila halikumjibu mkulima swali lake: kuni za kiwanda zitatoka wapi, na mwenye shamba atapata nini badala ya pesa za miti hiyo? Mikaratusi mingi ilichipua tena kwenye visiki. Suluhisho la kweli linaanzia kiwandani. Kiwanda kinachonunua kuni kinaweza kukataa zile zilizokatwa kwenye kingo za chemchemi, kama kinavyokataa majani yaliyochumwa vibaya kwenye kituo cha kununulia. Kinaweza pia kupunguza kuni kwa kuzikausha ipasavyo kabla ya kuzichoma, maana gogo bichi hupoteza sehemu kubwa ya moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani yake.

Chemchemi yenyewe inahitaji matunzo ya namna yake. Ile isiyojengewa ni dimbwi lenye ukingo wa matope: mchotaji huingia na miguu, ng'ombe hunywa upande wa pili, na mvua huleta mbolea na uchafu kutoka juu. Kuijengea si kazi ya mashine. Mafundi huchimba kwa majembe kufuata maji mpaka wayakute yakitoka kwenye mwamba au kokoto safi. Huweka mawe yaliyooshwa mbele ya jicho ili maji yapite, hujenga ukuta wa mawe na saruji wenye bomba moja au mawili, kisha hufunika mawe kwa karatasi ya nailoni na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasipenye kutoka juu. Mita chache upande wa mlima huchimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mvua, na eneo lote huzungushiwa ua. Ngazi huteremka hadi mahali pa kuwekea mtungi, na mfereji wa chini huondoa maji yaliyozidi hadi kwenye hori la mifugo lililo mbali. Kosa la kawaida ni kuinua ukuta na bomba juu kupita kiwango cha asili cha maji: maji yakizuiwa, hutafuta ufa mwingine na kutokea kwingine, au kupotea kabisa.

Faida ya kazi hiyo imepimwa. Katika kaunti ya Busia, watafiti walijengea chemchemi zilizochaguliwa kwa kura na kuzilinganisha na nyingine zilizosubiri zamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha uchafu wa kinyesi ukipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi, lakini kwa asilimia 24 tu katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo. Tofauti kati ya namba hizo mbili za kwanza inatokana na mtungi mchafu, kikombe kinachotumbukizwa na chombo kisichofunikwa. Fedha za kujenga ukuta zisipoambatana na mafunzo ya usafi wa vyombo, nusu ya kazi imeachwa.

Nchi ya chai ina watu wengi kwenye vipande vidogo vya ardhi, na maboma mengi yana choo cha shimo. Katika udongo mzito uchafu huchujwa. Katika mwamba wenye nyufa husafiri haraka na mbali. Umbali wa mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, unaopendekezwa kwa kawaida, hautoshi ikiwa choo kiko juu ya mteremko na mwamba uko karibu. Mbolea nayo ina njia hiyo hiyo. Chai hulishwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa kawaida ya NPK 26-5-5, na isiyotumiwa na mmea hugeuka nitrati na kushuka na mvua. Vipimo vya mito ya Mau ya Kusini-Magharibi vimeonyesha nitrati zaidi katika mabonde ya chai kuliko katika msitu, ingawa chini sana ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita. Huu ndio wakati mzuri wa kuanza kuweka kumbukumbu, kabla kikomo hakijakaribia.

Visima virefu ni upande wa pili wa usimamizi, na umuhimu wake unakua. Sehemu za chini za Bomet, kuelekea Chepalungu, Sigor na Chebunyo, hupata mvua kidogo na chemchemi ni chache. Huko punda hubeba maji kwa mwendo mrefu, na kisima kina haki yake. Shule, hospitali na viwanda vya nyanda za juu navyo vinachimba. Kisheria hatua ziko wazi. Mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa hufanya uchunguzi wa eneo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, hutoa idhini. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hupitia athari kwa mazingira. Kampuni yenye leseni huchimba na kuandika kila tabaka la mwamba ililopitia. Kisha pampu huendeshwa mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku kushuka kwa maji ndani ya kisima kukipimwa, na kasi ya kurudi kwake ikipimwa baada ya kuzima. Taarifa hiyo hupelekwa WRA, mita hufungwa, na kibali cha kuchota hutolewa.

Hatua zinazorukwa mara nyingi ni zile za mwishoni. Maji yakishatoka, mwanasiasa amezindua na mchimbaji amelipwa, taarifa ya kisima hubaki kabatini au haiandikwi kabisa. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila shimo ni dirisha pekee la kuona miamba iliyo chini, na kaunti inayopoteza kumbukumbu hizo hulipa upya kujifunza jambo lile lile katika kijiji kinachofuata. Pampu za sola zimeongeza hatari nyingine: mafuta ya dizeli yalipokuwa yakinunuliwa, gharama ilizuia uchotaji, lakini jua halitozi chochote, na pampu inaweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni hata tangi likiwa limefurika. Nairobi ni onyo lililo karibu. Huko visima vimechimbwa kwa maelfu, vingi bila mita, na kiwango cha maji kimeshuka kwa makumi ya mita ndani ya miongo michache. Kericho haijafika huko. Pia kuna suala la floraidi, ambayo maji yaliyokaa muda mrefu katika miamba ya volkeno huweza kubeba kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na kuharibu meno na mifupa ya watoto. Kipimo cha maabara kabla ya kufunga pampu ni cha lazima, na kirudiwe.

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, rasilimali zote za maji zimewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na WRA ndiyo inayozidhibiti. Huduma ya kusambaza maji ni ya kaunti, chini ya Katiba ya 2010, ambayo pia inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Mgawanyo huu una mantiki, lakini umeacha pengo: anayechimba ni mmoja, anayetunza takwimu ni mwingine, na anayeamua juu ya mteremko wa juu, awe idara ya barabara, kilimo au misitu, ni wa tatu. Sheria inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, WRUA, kuwa mahali ambapo wote hao wanaweza kukutana na wenyeji. Pale vinapofanya kazi vizuri, wanachama huweka alama za mpaka wa kingo, ambao kanuni huuweka kati ya mita 6 na 30 kutoka mtoni, huotesha miche ya miti ya asili na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kwa chifu. Vingi, hata hivyo, huishi kwa fedha za wafadhili. Mradi ukiisha, kitalu hukauka. Ada wanazolipa watumiaji wakubwa kwa WRA zinapaswa kurudi kwa kiwango kinachoonekana katika mabonde yanayozalisha maji hayo.

Jambo linalokosekana kuliko yote ni vipimo vya chemchemi zenyewe, na kupima hakuhitaji mtaalamu. Ndoo ya lita 20 huwekwa chini ya bomba na muda husomwa kwenye simu. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, zinazotosha watu zaidi ya 860 kwa lita 50 kila mmoja. Ndoo hiyo hiyo ikichukua sekunde 80 Februari inayofuata, maji yamepungua nusu. Kipimo kimoja kwa mwezi, siku ile ile, kikiandikwa pamoja na mvua iliyopimwa kwenye shule ya karibu, kwa miaka mitano, kingetoa taarifa ambayo kwa sasa hakuna bajeti ya kaunti inayoitegemea. Kingeonyesha chemchemi ipi hufuata mvua ya wiki iliyopita, ambayo maji yake ni ya juu juu na huchafuka upesi, na ipi hubaki imara hata ukame wa miaka miwili, ambayo ndiyo inayostahili kuwekewa bomba la kijiji kizima.

Njia ya kutumia taarifa hizo tayari imejaribiwa katika nchi nyingine ya chai. Jimbo la Sikkim, kwenye milima ya Himalaya nchini India, lilianza mwaka 2008 mpango uitwao Dhara Vikas baada ya chemchemi zake kudhoofika. Wanakijiji walifunzwa kusoma miamba, kujua tabaka limeinama upande gani na hivyo maji ya chemchemi fulani yanaingilia wapi. Mara nyingine sehemu hiyo ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya kilima, kwenye ardhi ya watu wasiotumia chemchemi hiyo. Kwenye sehemu hizo walichimba mitaro na vidimbwi vya kukamata mvua, na makumi ya chemchemi yaliongeza maji yake wakati wa kiangazi.

Kericho na Bomet zina nafasi nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa mvua ipo na udongo bado una kina. Kazi ya kwanza kwa kila wadi ni daftari la chemchemi: mahali ilipo, kiasi cha maji, watumiaji wake, mmiliki wa ardhi ya juu, na hali ya mteremko huo. Kwenye malisho yaliyokandamizwa, mitaro ya kontua na zamu za kulisha hurudisha matundu ya udongo. Maji ya barabara mpya yaelekezwe kwenye mashimo ya kuyazamisha badala ya kumwagwa bondeni. Mwenye ardhi anayeng'oa mikaratusi au kuacha sehemu ya shamba kwa ajili ya maji ya wengine alipwe fidia, na viwanda vya chai, ambavyo boila zake hula maji na kuni za bonde lile lile, ndivyo vyenye uwezo na sababu ya kuichangia kwanza. Visima vilivyokwisha kuchimbwa vyote viingizwe kwenye sajili ya WRA pamoja na kina na kiasi chake, na vile vilivyoachwa vizibwe kwa saruji, maana kisima kilichoachwa wazi ni bomba linalopeleka uchafu wa juu moja kwa moja kwenye maji ya chini.

Bonde la Dionosoyiet, chepechepe lililo ndani ya mji wa Kericho, ni mahali pafaapo kuanzia. Limezungukwa na nyumba, maduka na mifereji ya maji machafu, na bado hupokea maji ya chemchemi kabla hayajafika mtoni. Mipaka yake ikipimwa na kuwekewa vigingi, na maji yanayoingia na kutoka yakipimwa kila mwezi kwa wingi na usafi, mji utakuwa na takwimu zake wenyewe za kulinganisha na za vijijini, na mhandisi wa kaunti atajua kabla ya kiangazi ni mtaa upi utahitaji maji kwa zamu.